Vipimo vya Mwezi wa Shabani

Rugenge, Uvira
24 Februari 2024

Ndugu yangu Rukundo,

Barua hii anakuletea Bienvenu, yule motari anayebeba vitenge vyangu kwa pikipiki. Anajua kushika kitu bila kukifungua. Rezo ya simu kwenu imelala tangu mvua iangushe mnara, na hata ukisimamishwa kesho nitaendelea kukuandikia. Simu yangu inashikwa na kila mtoto wa nyumba hii. Karatasi mtu anaichoma.

Mwaka huu sitakuja Luvungi. Chadia anaolewa Jumamosi ya tarehe 9 Machi, na mfungo unaanza siku tatu baadaye. Baba wa bibi arusi hawezi kupotea majuma mawili eti ameenda kununua mchele. Mke wangu Kadija amesema mbele ya wageni, "Mwaka huu mchele utajileta wenyewe." Walicheka wote. Nilicheka pia.

Kwa hiyo nitaacha peke yangu. Usiniandikie kwamba haiwezekani. Miaka kumi na moja ninakunywa, na hakuna aliyenusa, hata mdogo wangu Nourdine anayefundisha madrasa na kukaa mlango wa pili. Aliyeweza hilo ataweza na hili. Ile pombe, kanyanga uliyonipa mara ya mwisho, iko mahali pake ndani ya dumu lake, na ninafika karibu nusu lita kwa siku. Siku ya kwanza ya mfungo nitaufunga mdomo kwa chakula, kwa maji na kwa bidon yako, vyote pamoja. Mungu ataiona nia.

Ng'ombe wako mweusi amezaa?

Kasongo


Luvungi
27 Februari 2024

Kasongo,

Usifanye hivyo. Nitakuandikia kama ninavyowaandikia wafugaji wanaonunua dawa kwangu, kwa sababu maneno ya namna nyingine huyasikii.

Mwaka 2015 ulifika hapa siku ya pili ya mfungo, ukiwa umeacha ghafla. Ulitetemeka hadi kikombe kikakutoka mkononi. Kisha ukaanguka kwenye sakafu yangu, ukang'ata ulimi, damu ikaingia kwenye mkeka. Infirmier Hyacinthe, muuguzi wa hapa, ndiye aliyekuchoma sindano na kunieleza. Alisema pombe inaulaza ubongo, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku unajikaza ili ubaki macho. Unajikaza miaka na miaka. Ukiiondoa pombe kwa siku moja, mkazo unabaki na hauna cha kusukumana nacho. Hapo ndipo mtu anaanguka, na wengine hawaamki. Tangu mwaka ule tunapima, wewe na mimi, kila Shabani, hapa kwangu.

Bienvenu anakuletea bomba la sindano la ng'ombe, la mililita hamsini, jipya, bila sindano yenyewe. Hesabu ni ileile. Kesho mabomba tisa kwa siku nzima. Unapunguza moja, siku nyingine unarudia kipimo cha jana, hadi Jumatatu ya tarehe 11 liwe bomba moja tu. Jumanne unafunga.

Na ule. Maharage, mayai, samaki. Hyacinthe anasema mnywaji anaishiwa vitamini B1, na bila hiyo ubongo hauwezi kuitumia sukari. Wewe kila jioni unasema umeshiba.

Mikono ikianza kutetemeka, mwambie Kadija. Mimi uliniapisha juu ya Biblia kwamba sitamwambia, nami ni shemasi. Wewe hukuapishwa.

Mweusi amezaa dume.

Rukundo


Rugenge
14 Machi 2024, saa nne asubuhi

Shemeji Rukundo,

Nakusalimu. Hujawahi kupata barua kutoka kwangu, na hii ninaiandika juu ya goti, kliniki kwa Daktari Gaspard.

Harusi ilipita vizuri. Wanawake waliotoka Makobola na Bujumbura walilala ndani ya stoo ya vitenge tangu tarehe 28 hadi Jumatatu, kumi na wawili, na hata Baba Chadia hakuweza kuingia mule kuchukua kitu. Alikuwa mkali. Niliona ni uchovu. Alikunywa tu ile dawa yake ya kikohozi, chupa mbili kubwa alizoweka kwenye koti, na Jumapili jioni nilimwona akizipindua kuangalia kama kimebaki kitu.

Jumanne tulianza mfungo. Mikono yake ilitetemeka, akatoka jasho, akatapika alichokula alfajiri. Jumatano saa nane mchana alianguka dukani. Alijikaza mwili mzima, macho juu, povu mdomoni, dakika tatu au nne. Nourdine alimsomea. Alipoamka hakujua yuko wapi. Leo anaona wadudu. Anasema wanatoka kwenye maua ya vitenge na kupanda shuka. Amefungwa mikono kwa kanga zangu ili asing'oe mrija wa serum.

Daktari amesema ni malaria ya kichwa. Kipimo hakikuonyesha malaria, lakini anasema kipimo kinaweza kudanganya. Aliniuliza maswali yote. Anauguaga kifafa? Hapana. Sukari? Hapana. "Maman, muzee anakunywaka pombe?"

Nilimjibu, "Docta, uko unamuuliza nani? Angalia kanzu yake."

Nourdine akasema, "Andika hapana, tena uandike na herufi kubwa."

Wagonjwa wengine walicheka. Daktari akaandika.

Ninakuandikia kwa sababu anaita jina lako. Haiti langu. Anasema, "Rukundo, pima. Rukundo, leo ni ngapi?" Anaukunja mkono na kusukuma hewa kwa kidole gumba. Kila mwaka mnapima nini huko, shemeji? Ni mchele tu? Kama kuna dawa uliyokuwa unampa, nitajie. Bienvenu anangoja jibu.

Kadija, Mama Chadia


Luvungi
14 Machi 2024, saa nane mchana

Mama Chadia, shemeji,

Nimesoma nikiwa nimesimama, na Bienvenu hajazima pikipiki.

Mwambie daktari afanye mambo mawili. Kwanza, ampe sindano ya vitamini B1 kwenye mshipa kabla ya serum yoyote yenye sukari. Kabla, si baada. Pili, ampe diazepam mpaka atulie.

Usiniulize sababu. Mwambie hivyo tu, leo hii.

Tunamwombea.

Rukundo


Rugenge
15 Machi 2024

Shemeji,

Nilimpa daktari karatasi yako jana saa kumi. Aliisoma mara mbili. "Huyu Rukundo ni daktari wa wapi?"

Mimi sijui kusema uongo. Nilisema, "Anauza dawa za ng'ombe Luvungi."

Aliita muuguzi aje wasome wote wawili. "Maman, murudishie aksanti. Umuambie muzee hana kwato." Kisha aliirudisha karatasi akiwa ameikunja vizuri, na akaning'inizia Baba Chadia chupa ya tatu ya serum ya sukari. Alisema mtu ambaye hajala siku tatu anahitaji nguvu.

Leo asubuhi hatetemeki sana. Tulifurahi. Halafu nikamwangalia machoni. Macho yake yanacheza, shemeji. Yanakimbia pembeni na kurudi, yanakimbia na kurudi, kama ya mtu anayetazama watu kutoka ndani ya gari linalokwenda. Walimsimamisha, akasimama miguu imepanuka kama mlevi.

Hilo neno alilisema muuguzi, si mimi. "Anasimama sawa na mulevi." Nilitaka kumpiga.

Baba Chadia akaniangalia na kusema, "Maman, nani amekuleta hapa?" Alinisemesha kama mteja.

Nimeolewa miaka ishirini na mitatu. Jana ulijua ugonjwa wake ukiwa Luvungi, kilomita sitini, bila kumwona. Ulijua dawa mbili kwa majina. Na ukaniandikia nisiulize sababu. Mimi ninauliza. Kama unajua kitu na huniambii, akifa nitasimama kwenye mlango wa kanisa lako Jumapili na kuuliza mbele ya watu wote.

Kadija


Luvungi
15 Machi 2024

Mama Chadia,

Kasongo anakunywa. Si malaria, si jini, si kifafa. Ni kanyanga, karibu nusu lita kila siku, miaka kumi na moja sasa. Nimevunja kiapo changu kwa kuandika sentensi hiyo. Ningekivunja jana, leo mume wako angekuwa anakujua. Mpelekee daktari barua hii sasa hivi, umwonyeshe mpaka hapa, halafu urudi usome iliyobaki.

Ilianza hivi. Agosti 2013 alikuja sokoni Luvungi na jino linamuuma upande wa kushoto, shavu limevimba. Mimi sinywi, unajua. Lakini ninaweka kanyanga dukani kwa kusafishia visu na vidonda vya ng'ombe. Nilimpa kikombe asukutue na kutema. Alisukutua, akatema, maumivu yakapungua. Soko la pili alirudi, hakutema. Jino likang'olewa mwaka 2016. Kanyanga ikabaki.

Nilimpa mimi, kila mara. Niliona heri anywe ya kwangu niliyoijua kuliko ya vichakani inayopofusha watu. Ndivyo nilivyojiambia.

Mambo unayoyaona, Hyacinthe alinieleza zamani. Tumbo la mnywaji halipokei vitamini B1 vizuri, na chakula chenyewe anakula kidogo. Ubongo unabaki na akiba ndogo sana. Ukimmiminia sukari nyingi kwa ghafla, ubongo unatumia ile akiba yote kuichoma, na sehemu zinazoshika macho, miguu na kumbukumbu zinaanza kufa. Si kwa miaka. Kwa saa chache. Ndiyo maana nilisema kabla.

Kuna mengine utayakuta ukiangalia. Nyayo zake zimekufa ganzi. Ndiyo sababu alikuwa akivua viatu na kuviangalia kama kuna jiwe. Ini lake limekuwa gumu. Usingizi wake ule mzito haukuwa usingizi.

Mchele wa kila Shabani niliununua mimi mapema, aje nao nyumbani. Majuma yale mawili tulikuwa tunampunguzia kwa bomba la ng'ombe, nikishika mimi, yeye akilia siku nyingine kama mtoto. Halafu alifunga mwezi mzima bila tone, miaka minane. Idi ikipita, alirudi Luvungi. Mwaka huu nilimpelekea bomba. Bidon ilikuwa ndani ya stoo. Wageni wenu walilala juu yake.

Utakuja kanisani kama ulivyosema. Sitafunga mlango.

Rukundo


Rugenge
18 Machi 2024

Rukundo,

Nilimpa daktari barua yako Ijumaa saa kumi na mbili kasoro, watu wakijiandaa kufuturu. Alisoma. Akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine, juu ya miguu ya mgonjwa, na yule mgonjwa akalalamika.

"Maman, nilikuuliza."

"Uliniuliza. Sikujua."

"Na muko mulicheka."

"Na weye ulicheka barua ya kwanza, docta."

Aliondoa ile chupa ya sukari kwa mkono wake mwenyewe. Vitamini B1 ilikuwamo kliniki chupa mbili tu. Nourdine alikuwa mlangoni, alisikia yote. Sikuweza kumwangalia. Alitoka, na mimi nikajua ameenda kuwaambia wazee wa msikiti. Alirudi baada ya saa moja na nusu, hajafuturu, kanzu ina matope hadi magotini, na chupa kumi na tisa za vitamini B1 kutoka farmasi nne. Aliziweka mezani. "Chomeni." Mpaka leo hajasema neno jingine juu ya jambo hili.

Wamemchoma mara tatu kwa siku. Jumamosi macho yalipunguza kucheza. Leo yametulia. Daktari anasema hatakufa.

Sasa kuhusu mimi. Wewe unaniandikia ini, akiba, saa. Sawa. Mimi nimekaa siku tatu nikikumbuka. Karafuu alizokuwa akitafuna mchana kutwa. Nilikuwa ninamnunulia mimi, ninaona ni mtu anayependa usafi wa mdomo. Manukato. Kulala akinigeuzia mgongo tangu Chadia akiwa mdogo, nilifikiri nimezeeka. Nilikwenda kwa mama mmoja wa Makobola kutafuta dawa ya kurudisha mapenzi. Nilikunywa majani yale machungu miezi miwili, Rukundo. Mimi ndiye niliyekunywa dawa.

Unaandika uliapa juu ya Biblia kama vile hiyo ni sababu. Kiapo chako kilikaa usiku mmoja, na usiku ule mmoja umemla mume wangu. Daktari alikosea, nitamwambia hivyo mpaka nife. Mimi nilikosea, nilijibu kwa kanzu. Lakini wewe peke yako ndiye uliyejua.

Hapana, sitakuja kanisani.

Kadija


Rugenge
20 Mei 2024

Shemeji,

Umeniandikia mara tatu na sikujibu. Ninajibu sasa kwa sababu kuna jambo ambalo hakuna mwingine wa kumwuliza.

Baba Chadia yuko nyumbani. Anatembea kwa fimbo, anakula, amenenepa kidogo. Ukiingia dukani atakukaribisha, atakukatia kitenge bila kukosea hata kidole, atakuuliza habari za wazazi wako. Ukitoka na kurudi baada ya robo saa, atakukaribisha upya na kukuuliza habari za wazazi wako. Daktari anasema mambo mapya hayashiki tena, na ya nyuma yamefutika mpaka mahali fulani. Nilitafuta mahali penyewe kwa kumuuliza hiki na kile. Panafika katikati ya mwaka 2013. Baada ya hapo hakuna kitu.

Chadia alikuja na mumewe. Baba yake alimsalimia vizuri sana, kisha akaniuliza pembeni, "Huyu binti ni wa nani?" Kwake Chadia yuko darasa la nne, yuko shuleni, atarudi saa sita na nusu. Chadia alisikia. Alikaa jikoni mpaka mumewe akamwita.

Sehemu zile tupu anazijaza mwenyewe. Anasema jana alikuwa Kalundu bandarini akipokea mzigo. Anataja nahodha, anataja hali ya ziwa. Simwiti mwongo, kwa sababu hadanganyi. Anaamini.

Sasa sikiliza. Hajui kama aliwahi kunywa. Nilimwambia mara ya kwanza mwezi wa nne, nikiwa na hasira, nikamweleza yote. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. "Minye? Mimi, Kadija?" Alisimama, akaenda kutawadha, akasali, akalia. Kesho yake asubuhi hakuna kilichobaki. Nikamwambia tena, kwa sababu nilitaka ajue alichonifanyia. "Minye?" Akalia vilevile, kwa maneno yaleyale, akatawadha vilevile. Siku ya tatu nilimwambia tena. Wakati anainuka kwenda kutawadha niliona kwamba ninampiga mtu ambaye kila siku ni mara yake ya kwanza kupigwa. Nikaacha.

Swali langu. Daktari anasema akionja tena itamaliza kilichobaki. Nimepekua stoo yote, sijaiona bidon. Wewe unajua iliko? Na je, mtu asiyejua kwamba ni mnywaji atajizuia na nini?

Kadija


Luvungi
22 Mei 2024

Mama Chadia,

Najua ni stoo tu, mahali penyewe hakuwahi kuniambia. Ondoa marobota yote, moja moja.

Swali la pili sina jibu lake. Nimemuuliza Hyacinthe, naye hana.

Rukundo


Rugenge, Uvira
2 Juni 2013

Ndugu yangu Rukundo,

Salamu nyingi. Ng'ombe wako mweusi amezaa? Sisi tuko wazima. Chadia anafanya vizuri shuleni, mwalimu wake amemsifu. Mimi goti linanisumbua, ndiyo maana natumia fimbo, litapona.

Nakuandikia jambo la siri, nawe usome ukiwa peke yako. Leo jino la kushoto limeniuma. Nikakumbuka kwamba karafuu ziko stoo. Niliingia, nikaenda moja kwa moja hadi ukutani, nikapeleka mkono nyuma ya mbao ya rafu ya chini bila kuangalia. Sijui kwa nini nilipeleka mkono pale. Hakuna karafuu pale. Nilikuta bidon ya njano, ile ya lita tano unayowekea dawa, ina alama yako ya rangi nyekundu kwenye kifuniko. Nilifungua nikanusa. Rukundo, ni kanyanga. Kando yake bomba kubwa la ng'ombe. Nani mwingine ana bomba la ng'ombe?

Nilikaa chini. Wewe, shemasi. Nimefikiri mara zote ulizolala kwangu ukija Uvira, ukiomba uwekewe mkeka stoo eti hutaki kusumbua watoto. Nani alijua?

Sikukasirikii. Mwanzo nilikasirika, sasa hapana. Nimeimwaga yote kwenye mtaro nyuma ya nyumba. Harufu yake inachukiza. Sijui mtu anaipitishaje kooni. Sijamwambia Kadija, wala Nourdine, wala sitamwambia mtu wa kanisa lako. Nakuapia. Siri yako imekaa kwangu kama kwenye sanduku.

Lakini uache. Nimesikia mahali, sikumbuki wapi, kwamba mtu wa namna hiyo haachi peke yake, wala haachi kwa siku moja. Uje hapa majuma mawili. Waambie watu wako unakuja kununua chumvi. Utakaa nami, utakula maharage na mayai, nitakuangalia mpaka ikutoke. Ukilia, lia, mimi sitacheka.

Jino likizidi nitakuja huko Jumatano ya soko. Wewe una dawa za kila namna, utanipa kitu cha kusukutua.

Ng'ombe wako mweusi amezaa?

Kasongo

*(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:)*

Shemeji, leo ni tarehe 2 Agosti 2024. Tarehe aliyoweka ni ya kwake. Nilimwona kwa dirisha akimwaga. Alikunja pua na kugeuza uso. Jino analolisema halipo, unajua liling'olewa lini, lakini anashika shavu. Nimeisoma barua hii mara nne, na ninaituma bila kubadilisha kitu. Mjibu upesi kabla hajasahau kwamba aliandika. Mjibu unavyoona. K.


Luvungi
2 Agosti, saa tisa mchana

Ndugu yangu Kasongo,

Bienvenu amenikabidhi barua yako, nami nimeisoma nikiwa peke yangu.

Ni kweli. Bidon ni yangu na bomba ni langu. Ninakunywa tangu zamani, na nilificha kwako kwa sababu nyumba yako ni ya mwisho ambayo mtu angetafuta. Nisamehe. Umenitunzia siri, aksanti.

Nitakuja Jumatatu kununua chumvi. Nitakaa majuma mawili. Chochote utakachonipa nile, na wewe ule sahani moja nami.

Usije Luvungi Jumatano. Mweusi amezaa dume.

Kwa jino, mwombe Kadija akuchemshie maji, atie chumvi kijiko kimoja. Sukutua, uteme. Maji ya chumvi tu. Ndiyo dawa niliyo nayo.

Rukundo